Nilitazama mgongoni, kupe walikuwa masikioni

Marehemu baba aliniachia shamba la mikarafuu hapa Pemba, upande wa Konde, si mbali na msitu wa Ngezi, na pamoja na shamba akaniachia Doria. Ni mbwa dume, rangi ya mchanga, masikio yameinama nusu. Jina alipewa kwa kazi yake: usiku anazunguka mikarafuu, mchana anawakimbiza tumbili wasitumalizie ndizi na muhogo. Baba alipokuwa hai sikuwahi kumlisha hata mara moja. Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete na mama, na shambani nilikuwa nakwenda siku za mapumziko tu. Baada ya msiba nikajikuta mimi ndiye mwenye Doria, na sijui lolote kuhusu mbwa.

Nayaandika haya kwa sababu nusura nimuue, si kwa ukatili, bali kwa kutomshika.

Aliyekulia Pemba atanielewa. Tumelelewa kwamba mbwa hashikwi. Hakai nyumbani, kwa kuwa malaika wa rehema hawaingii penye mbwa, na mate yake yakikupata utaosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia ana ruhusa yake, na baba alimfuga Doria kwa ruhusa hiyo. Lakini mie nilichukua ruhusa ya kumfuga bila kujifunza namna ya kumtunza. Chakula nilimmiminia nikarudi nyuma. Nikitaka kujua kama ana kupe, nilichukua kijiti nikakipitisha juu ya mgongo, nikaona manyoya safi, nikaridhika. Kumbe mgongo ndio sehemu ya mwisho kupe kukaa.

Masika yalipoanza nilimwona anatikisa kichwa mara kwa mara, akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma hadi analia. Nikasema maji ya mvua yamemwingia. Kisha akawa analala analamba kiganja cha mbele, kilekile kila siku, na akitembea anachechemea kidogo. Nikasema mwiba. Babu jirani yangu wa shamba, ambaye ujanani alikuwa msasi na amefuga mbwa maisha yake yote, aliniambia, "Mjukuu wangu, huyo ana kupe." Nikamjibu kwamba nimemtazama, hana. Yule mzee ana heshima zake, hakubishana na mwenye mbwa. Laiti angebishana.

Kupe wa kwanza nilimwona mwenyewe wiki hiyohiyo, shingoni, karibu na kamba. Alikuwa wa kijivu, amevimba, ungedhani mbegu ya mbarika. Nilishtuka. Nikafanya mambo mawili ambayo nawaomba msiyafanye. Nilimpaka mafuta ya taa nikisubiri aachie mwenyewe, na alipokuwa haachii nikamminya kwa kucha za vidole viwili nikavuta. Akapasuka. Damu ikanirukia mkononi, na kichwa chake kikabaki ndani ya ngozi ya Doria, pakafanya kidonda kilichokaa karibu wiki mbili. Kupe akipakwa mafuta au akichomwa kwa njiti ya kiberiti haachii upesi, na mateso yale yanaweza kumfanya atapike ndani ya jeraha, na hapo ndipo maradhi yanapopata njia. Mafuta ya taa yenyewe yanamuunguza mbwa ngozi. Nimesikia wengine wanapaka oili chafu ya gari. Ile ni sumu, na mbwa atailamba yote.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, chupa ndogo ya amitrazi, shilingi 9,000. Aliyeniuzia hakunieleza kipimo cha mbwa, na mie sikuuliza. Nilikadiria kwa kifuniko kwenye ndoo, nikammwagia kwa kopo mchana wa jua, kisha nikamwacha ajilambe. Haikupita saa mbili akawa anayumba. Akatapika. Akalala macho nusu wazi, nikimwita hageuki, na masikio yake yalikuwa ya baridi kwa lile jua. Nilipiga simu huku nalia kwa daktari wa mifugo, namba nikapewa na mwalimu mwenzangu. Aliniambia nimwoshe kwa sabuni na maji mengi mara moja, nimweke kivulini, nimfunike gunia kavu, nisimpe kitu mdomoni mpaka atakaposimama. Alisimama alfajiri.

Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa ile si mbaya, hata mbwa huogeshwa kwayo, ila kwa kipimo. Kwa nguvu ya chupa yangu ilikuwa mililita 2 kwa kila lita moja ya maji, zipimwe kwa bomba la sindano, na mbwa azuiwe kujilamba mpaka akauke. Mie nilikuwa nimetia mara nyingi zaidi ya hapo. Basi usikadirie. Soma karatasi ya chupa yako, na kama haimtaji mbwa, uliza kwanza. Na mwenye paka nyumbani awe na hadhari maradufu: dawa za mbwa zenye permetrini zinaua paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Nilidhani baada ya adhabu ile angalau kupe wamekwisha. Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja nafika shambani, Doria hakuja njiani kunipokea. Nilimkuta amelala nyuma ya kibanda chake, na mbele ya pua pana tone la damu. Nikafikiri amepigwa. Nikamsogelea, tone jingine likatoka puani mbele ya macho yangu. Chakula cha jana kilikuwa vilevile, kimejaa siafu.

Daktari alikuja na pikipiki yake kabla ya adhuhuri. Jambo la kwanza alilofanya sijawahi kulisahau: alipiga magoti, akamfunga mdomo kwa kitambaa taratibu, akamshika kwa mikono miwili kama tunavyomshika mtoto mwenye homa. Akamwinua mdomo wa juu atazame fizi. Doria ana fizi nyeusi kwa asili, hazionyeshi kitu, kwa hiyo akamvuta ukope wa chini. Ndani palitakiwa pawe na wekundu wa waridi. Palikuwa peupe kama karatasi. Tumboni, penye ngozi isiyo na manyoya, palikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama vya kuchomwa sindano.

"Mwalimu," akaniuliza, "kupe unamtoa lini na lini?"

Nikamwambia nimemwogesha dawa, kupe hana.

Hakunijibu. Akavaa glavu, akanipa na mie jozi moja, akasema, "Njoo, tutazame pamoja."

Akaanza masikioni. Aligeuza sikio ndani nje, na wallahi nilitamani ardhi inimeze. Walikuwa wamepangana kwenye mikunjo, wakubwa wa kijivu na wadogo wa kahawia waliobapa. Wale wadogo ni madume na wengine ni watoto wao. Mie ningewapita nikidhani ni uchafu. Ukingoni mwa sikio, upande wa nje kwa chini, mbwa ana kijifuko kidogo cha ngozi. Wengi wetu hatujui kama kipo. Ndani ya kijifuko kile cha sikio la kushoto walikuwemo wanne. Kisha akashuka shingoni, akaifungua ile kamba ya makumbi ambayo baba alimfunga na mie sikuwahi kuivua. Chini ya kamba palikuwa na pete nzima ya kupe, kuizunguka shingo. Kisha kidevuni. Kwapani. Kinenani, mapaja yanapokutana na tumbo. Chini ya mkia na pembezoni mwa tundu la haja, ambako aliniomba radhi kwanza kabla ya kunionyesha. Kwenye ukope alikuwepo mmoja mdogo mno. Mwisho akachukua kiganja kile alichokuwa akikilamba, akatenganisha vidole kimoja kimoja. Kati ya vidole, na hata chini kwenye nafasi za nyayo, walikuwa wamejibana mpaka ngozi imevimba. Huo ndio mwiba niliousema.

Tulitoa kupe 63. Nilihesabu kwa sababu nilitaka nijue ukubwa wa uzembe wangu. Mgongoni tulikuta wawili.

Nilimuuliza kwa nini wanakaa huko. Akasema kupe haruki wala hapai. Anasubiri ukutani au kwenye jani, mbwa akipita anamdandia, kisha anatembea kutafuta pahala. Anapapenda pale ambapo ngozi ni nyembamba, pana joto na unyevu, damu iko karibu, na meno au kucha za mbwa hazimfikii vizuri. Ukilijua hilo, hata bila kukariri, mkono wako utakwenda penyewe: kila pahala penye mkunjo, penye kujificha, na chini ya chochote ulichomvisha.

Kwa dalili zile daktari alishuku ugonjwa wa kupe unaoitwa erlikia. Kijidudu chake hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, na mwili unapungukiwa na zile chembe za kugandisha damu, ndiyo maana pua inavuja na vidoa vinatoka. Upo na mwingine, babesia, unaovunja chembe nyekundu, na huo mara nyingi mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi. Maradhi yote mawili huambukizwa na kupe yuleyule, anayeitwa kupe wa kahawia wa mbwa. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha, lakini kwa hali aliyokuwa nayo hakusubiri. Alimwandikia doksisaiklini, kapsuli moja ya miligramu 100 asubuhi na moja jioni, kwa uzito wake wa kilo 20, siku 28. Apewe pamoja na chakula ili asitapike, asipewe na maziwa, na baada ya kumeza anywe maji ili kapsuli isikwame kooni ikamuunguza. Nilikuwa naificha kwenye tonge la ugali na dagaa. Siku ya tatu alisimama. Siku ya tano alibweka, na babu kule kwake akasikia, akaja mbio kutazama.

Hapo nikafanya kosa jingine, na hili linaniuma zaidi kwa kuwa nilikwisha kuelezwa. Siku ya kumi na mbili Doria alikuwa anakimbiza tumbili kama zamani, na skuli ilikuwa na mitihani, kwenda na kurudi Konde kila siku kulinichosha. Nikaacha dawa. Nikajiambia amepona. Siku tisa baadaye akakataa kula, homa ikarudi. Daktari alikuja tena, safari hii uso haukuwa na tabasamu. Tukaanza hesabu ya siku 28 upya, na tangu hapo babu ndiye aliyekuwa akimpa ya asubuhi. Kupona kwa macho si kupona kwa damu. Alinieleza kwamba ugonjwa ule unaweza kujificha mwilini kwa miezi, ukarudi ukiwa na nguvu zaidi.

Sasa la kibanda. Baba alikijenga kwa fito na udongo, juu makuti, na ndani Doria alilalia magunia ya zamani ya karafuu. Daktari alichukua kisu akakwangua ufa mmoja wa ukuta, wakatoka kupe kama punje za mtama. Kupe huyu wa mbwa anapenda majumba. Akishiba huteremka, hutafuta ufa, hujibadilisha humo, kisha hupanda ukuta kusubiri tena. Jike moja hutaga mayai kwa maelfu, halafu hufa. Na wanaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo mie nilikuwa nahangaika na wachache walio juu ya mbwa, na walio wengi wako ukutani wananisubiri.

Tulichoma magunia yote. Tuliziba nyufa kwa saruji, tukapiga dawa kibandani Doria akiwa amefungwa mbali chini ya mwembe, na kuku wa babu tukawafungia siku mbili, maana kuku hula kupe na sikutaka wale kupe wenye sumu. Tulirudia baada ya wiki tatu, kisha tena, kwa sababu dawa haiyaui mayai vizuri na yanayobaki huangua. Majani ya kuzunguka kibanda yalifyekwa. Ukiniuliza kipi katika yote kilipunguza kupe hasa, nitakwambia ni kibanda.

Gharama nitazisema wazi, kwa kuwa mie mwenyewe nilitafuta mtu wa kunambia nisipate. Daktari safari mbili, 65,000. Kapsuli 80, zile 24 nilizozikatiza na 56 za kuanza upya, 16,000. Glavu 12,000. Saruji na dawa ya kibanda 30,000. Kidonge cha kutafuna kinachomlinda mbwa kwa wiki 12, niliagiza Unguja, 85,000. Na ile chupa ya ng'ombe 9,000. Jumla 217,000, mbali na nauli. Kama ningemfungua ile kamba mapema ningetumia glavu na kidonge tu. Kuhusu kidonge, fahamu kwamba kupe lazima amng'ate mbwa ndipo afe, basi usistaajabu ukiendelea kuona mmojammoja. Vipo vya mwezi mmoja na vya miezi mitatu, na mbwa aliyewahi kuanguka kifafa mwambie daktari kabla hujampa.

Lililobaki lilikuwa mkono wangu. Daktari alisema akaguliwe kila wiki, na masika zaidi. Nilikwenda kwa maalim aliyenisomesha chuoni nikamweleza yote, hata aibu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi kikavu kwa kikavu hakipeani najisi, na palipo na umajimaji kuna maji na udongo. "Kiumbe amewekwa chini ya mkono wako, mwanangu," akasema. "Mtazame." Nikashona gauni moja la shamba lisiloingia nyumbani. Glavu huwa mbili-mbili, juu ya nyingine. Ndoo ya maji na udongo iko tayari mlangoni.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Namshika akiwa mkavu, asubuhi, amekwisha kula. Babu anamshika kichwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa kila mwaka, lakini bado namfunga mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa mbwa mpole akiumizwa sikio hung'ata. Na aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Naanza masikio, ndani, nje na kile kijifuko. Kidevu, kope, shingo na ukanda umevuliwa. Kwapa, kinena, chini ya mkia. Vidole vyote vinne vya kila mguu, na kile cha juu kisichogusa chini. Napeleka vidole kinyume na manyoya, polepole, nikitafuta kipele. Nikimpata, namkamata kwa kibano cha nyusi karibu kabisa na ngozi, pale mdomoni kwake, si kwenye tumbo, navuta moja kwa moja bila kuzungusha wala kushtua. Namtia kwenye kopo la spiriti. Jeraha nalipangusa.

Jambo moja la kuwatahadharisha wanaoanza. Mara ya kwanza nilipomkagua peke yangu nilikuta kitu tumboni, kigumu, cha kahawia, nikakibana nikavuta. Doria alipiga kelele nikaacha. Ilikuwa chuchu. Mbwa dume anazo chuchu, safu mbili, kila moja na mwenzake upande wa pili. Kabla ya kuvuta, sogeza manyoya utazame: kupe ana miguu, na ukimsukuma kando utamwona pale aliposhikia.

Mwezi wa kwanza nilitoa kumi na moja, nane, watano. Kisha wawili. Jumamosi iliyopita nilimpata mmoja tu, bado amebapa, hajaanza kunywa, kwenye kijifuko cha sikio la kushoto. Nilimtia kopo, nikamfungua Doria kitambaa. Nilimvuta ukope wa chini kama ninavyofanya kila mara. Mwekundu. Akatikisa masikio, akasikiliza, kisha akaondoka mbio kuelekea kwenye ndizi, ambako tumbili walikwisha anza.